Redio Iliyokwenda Kazini

Kijana wangu ametangaza kwamba redio ya analojia imepitwa na wakati. Ile redio yangu ya mkulima, ambayo antena yake niliirefusha kwa waya hadi kwenye mwembe, ameitupa stoo. Mahali pake pamekaa spika ndogo inayotegemea simu ya mama yake. Sauti safi, sikatai. Lakini asubuhi mama akitoka kwenda kazini, na redio inatoka. Nyumba gani hii ambayo redio yake ina kibarua mjini?

Jioni ikirudi, tunaingia kwenye bando. Mtangazaji ndiyo kwanza anasoma matangazo ya vifo, mara kimya: bando limekata. Redio yangu ilidai betri tu, tena zikilegea unazianika juani, zinapata nguvu za kukufikisha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mawimbi yakififia ilikwaruza, ikakoroma, lakini jina la marehemu uliambulia. Hii ya kidijitali haijui kukoroma. Inasema yote au inanyamaza kabisa.

Kwenye mpira ndiko hasa roho inaniuma. Programu ya simu hujikusanyia sauti kwanza ndipo iiachie, isikatekate, kwa hiyo inachelewa. Siku ya Simba na Yanga, fundi viatu wa pale nje, mwenye FM yake, alishangilia bao wakati mtangazaji wangu bado anahangaika na mpira wa kurusha. Dakika tisini nzima nilisikilizishwa mambo ambayo mtaa umeshayajua.

Kijana ananiambia Norway walizima FM za redio za kitaifa mwaka 2017. Ni kweli. Ila wenzetu walijenga kwanza mitambo ya DAB, matangazo ya kidijitali yanayopita hewani bila bando, na redio nyingi ndogo za mitaa zikabaki FM. Na hiyo DAB nayo huchelewa sekunde kadhaa! Simu yetu yenyewe ina FM ndani, lakini inataka uchomeke hedifoni, waya wake ndio uwe antena. Hedifoni ziko wapi? Kijana kaenda nazo chuo.

Wakubwa, tarehe 31 Desemba 2012 mlianza kuzima televisheni ya analojia Dar es Salaam, tukakimbilia ving'amuzi bila ubishi. Kwenye redio nawaomba mtulie. FM iacheni hewani.