Jinsi ya Kumpunguzia Mtoto Umri Kwenye Balenieri ya Isangi

Likizo kubwa imefika. Shule za Kisangani zimefunga, na koko wa watoto kule Isangi anatuma salamu kila juma: nileteeni wajukuu. Una watoto wanne na pesa za wawili za kupanda balenieri, mashua ndefu ya mbao ya Mto Kongo. Usihangaike, mama. Usihangaike, papa. Mtoni, miaka ya mtu haikai mahali pamoja: ya watoto hupungua, ya wazee huongezeka. Nifuate hatua kwa hatua.

1. Ujue unacheza na nani

Duniani kote anayesafiri na mtoto hupigana na tarakimu. Kwenye ndege, mtoto asiyetimiza miaka 2 hukaa pajani na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Kwenye treni ya SGR ya Kenya, aliye chini ya miaka 3 hupanda bure, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwenye meli za anasa za matajiri mambo ni makali zaidi: kampuni ya Viking haipokei kabisa abiria wa chini ya miaka 18, na P&O ya Uingereza imetenga Arcadia na Aurora kwa watu wazima peke yao. Huko wanadai pasipoti, na pasipoti haibembelezwi.

Kwetu ni tofauti. Sheria ya Kongo inakupa siku 90 kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto, lakini watoto wengi wa mtoni hawana cheti. Umri wao hupimwa kwa jicho la mtoza nauli. Na jicho la mtu, ndugu yangu, husikiliza maneno.

2. Mwandae mtoto

Anza nyumbani. Mvue sare na viatu vya shule. Ficha begi lenye madaftari. Mdogo kabisa mfunge mgongoni kwa kitenge, hata kama miguu yake inakaribia magoti yako. Wa pili mpe kidole chako akishike, atembee polepole.

Kisha mfundishe kunyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi huanguka. Mtoto ana majivuno yake, na majivuno ya mtoto ni kuwa mkubwa. Umeshamwambia mtoza nauli kwamba kijana ana miaka minne. Mtoza nauli anainama, anatabasamu, anauliza: «Uko na miaka ngapi, papa?» Naye anajibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo: «Nane! Na niko wa tatu darasani!» Kwa hiyo mpe kitu mdomoni. Ndizi ya kuchoma inafaa. Kipande cha muwa kinafaa zaidi, maana hakiishi upesi.

3. Patana kwa heshima

Fika bandarini mapema, kabla mtoza nauli hajachoka. Usianze na bei. Anza na habari za nyumbani kwake. Mwite papa hata kama umemzidi miaka kumi. Kisha useme: «Papa, huyu anakaa pajani. Na huyu wa pili ni mwembamba, watakaa nafasi moja na dada yake.»

Akikukamata, shindwa vizuri. Usibishe, usiape kwa jina la Mungu. Cheka, useme kwamba watoto wa siku hizi wanakua haraka, kisha lipa nusu. Kesho kutwa utarudi na chombo hichohicho, na mtoza nauli husamehe ujanja kuliko anavyosamehe matusi.

4. Jiongezee miaka

Baada ya kuwapunguza watoto, jiongeze wewe. Zamani za ONATRA, shirika la usafiri la serikali, meli kama Colonel Ebeya zilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza, na matishari yaliyofungwa mbele yao yalibeba watu wa madaraja ya chini. Anasa ilinunuliwa kwa tiketi. Kwenye balenieri hakuna chumba. Ni mbao ndefu, magunia ya mihogo, madumu ya mawese, mbuzi wawili watatu, injini nyuma na turubai juu. Anasa ni kivuli, na kivuli hupewa mzee.

Kwa hiyo acha mvi zako zionekane. Shika mgongo unapokanyaga ubao. Pumua kwa nguvu. Vijana watakusogezea gunia, ukae katikati, mbali na moshi wa injini, na watoto wawe mbele ya macho yako. Binti wa miaka 30 anayependa kuitwa wa 22, leo aseme ana 40. Urembo utamngoja Isangi.

5. Kula vizuri, usipike

Safari ni kilomita 120 na kidogo, ukipita Yakusu na Yangambi hadi pale mto Lomami unapoingia katika mto mkubwa. Usibebe sufuria. Mitumbwi itakuja yenyewe kushika ubavu wa chombo, ikiwa na kwanga, mkate wa mihogo, na samaki wa moshi. Nunua, kula, lala.

Jirani akiwasha mbabula, jiko la makaa, ili apike, mwambie azime. Akikataa, mpigie kelele. Mwezi wa nne mwaka 2025, balenieri ya HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka baada ya mtu kupika humo ndani. Ilikuwa na mamia ya watu. Waliokufa walizidi 140, wakiwemo akina mama na watoto walioruka majini bila kujua kuogelea.

Nimekufundisha kumdanganya mtoza nauli. Sasa nakufundisha pa kuachia.

6. Kwenye daftari, sema kweli

Kuna mtu wa pili bandarini, mwenye daftari la majina. Huyu usimdanganye hata siku moja. Mtoto uliyemwita mzigo wa mgongoni, kwa mtoza nauli umepunguza nauli. Ukimwacha nje ya daftari, umemwondoa kati ya watu.

MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la watu wa nauli ndogo, halikuwa na orodha. Mamia walikufa, na mpaka leo idadi yao inabishaniwa. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi kutoka Minova ilizama Ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Kwa maelezo ya gavana wa Kivu Kusini, ilibeba watu 278 wakati nafasi zake zilikuwa 80.

Hesabu inavyoharibika ni hivi. Mama mmoja anaficha wawili, mwingine anaficha mmoja, mzee anaficha watatu. Daftari linasema bado kuna nafasi, wakati mbao zinasema zimejaa. Nahodha anapakia zaidi. Wale wadogo wasioandikwa ndio wanaokizamisha chombo chini ya alama yake, na wakizama na mzazi wao hakuna wa kuwatafuta, maana hakuna aliyeandika kwamba walipanda.

7. Pima chombo kwa mkono wa mtoto

Kabla kamba haijafunguliwa, mkalishe mtoto pembeni huku umemshika kiunoni. Mwambie anyooshe mkono chini. Vidole vyake vikigusa maji, chombo kimezidiwa. Shukeni. Nauli ikipotea, ipotee.

Uliza kama safari itaingia usiku. Serikali imekataza mara kwa mara vyombo hivi kusafiri gizani, na bado vinasafiri. Usiku nahodha haoni gogo linaloelea wala fungu la mchanga. Pale Isangi penyewe maji ya Lomami na ya mto mkubwa yanakutana na kuzunguka, na ni lazima nahodha apaone kwa macho.

Halafu jaketi. Usikubali la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita: akitumbukia, jaketi litapanda juu na yeye atachomoka chini. Sheria za kimataifa za meli zinadai majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya abiria, au zaidi ili kila mtoto apate lake. Balenieri yetu haina hata la nahodha. Nunua moja dogo mjini, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bei yake utairudisha kwa ujanja wa hatua ya tatu, na litavaliwa na mdogo baada ya kaka yake.

Mwisho, mfundishe kuogelea. Watoto wa Kilokele, watu wa mto, hujua maji tangu wadogo. Wetu wa Makiso na Kabondo, mjini Kisangani, wanajua bomba tu. Mwache kwa binamu zake likizo nzima, karibu na ufuko, chini ya jicho la mkubwa.

Ukifika bandarini kesho, bana nauli kadiri unavyoweza. Kisha nenda kwa mwenye daftari, simama mpaka aandike majina ya wote wanne, kila mmoja na miaka yake ya kweli. Akisema wadogo hawaandikwi, usipande.