Ngeli za Malipo: Uainishaji wa Ujira wa Mwigizaji wa Runinga katika Ukanda wa Migori na Homa Bay

1. Tatizo la utafiti

Wachumi husema kwamba bajeti ya runinga ikipungua, ujira wa mwigizaji nao hupungua. Hiyo ni kauli ya watu ambao hawajawahi kusimama stendi ya Rongo Ijumaa jioni, wakamwona daktari bingwa wa tamthilia ya saa moja na nusu akishuka kwenye matatu, suti ikiwa ndani ya mfuko wa dobi, akibishana na mwendesha bodaboda kuhusu nauli ya kumfikisha matangani. Daktari huyu kwenye runinga alikwisha kufa kwa ajali ya barabarani. Stendi ya Rongo hana hata jeraha. Ujira wake haukupungua tu, umehama ngeli.

Makala haya yanapendekeza malipo ya mwigizaji yaainishwe kama walimu wetu walivyoainisha nomino: kwa kuangalia yanapatana na nini, kama yana umoja na wingi, na yanapatikana wapi. Migori na Homa Bay zimechaguliwa kwa sababu mbili za kisayansi. Kwanza, tamthilia kubwa za taifa hurekodiwa Nairobi na viunga vyake au Pwani, kwa hiyo fedha za studio haziwezi kuuchafua ushahidi wetu. Pili, mwandishi wa tamthilia akiamriwa kupunguza gharama, humtuma mhusika "ocha", yaani kijijini, na ocha haihitaji kamera, taa wala dereva. Mhusika hupotelea Homa Bay kwenye mswada. Baada ya miezi miwili mwigizaji mwenyewe humfuata kwa basi, kutafuta riziki.

2. Mazingira ya ukame

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi mtazamaji alikuwa na stesheni moja: VOK, iliyogeuka KBC mwaka 1989. Vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani havikuwa na mshindani isipokuwa usingizi. Baadaye stesheni za kibinafsi zikagundua kwamba mtazamaji anapenda kujiona mwenyewe, na Citizen ikajijengea jina kwa vipindi kama Papa Shirandula, Inspekta Mwala na Tahidi High.

Kisha mvua ikakatika kwa awamu. Kuhamia dijitali mwaka 2015 kulizaa stesheni nyingi, lakini hakukuzaa watangazaji biashara wengi. Mwaka 2019 SportPesa na Betin, kampuni za kamari zilizokuwa zikimwaga fedha za matangazo, zilifunga shughuli zake nchini. Mwaka 2020 ukaja na korona. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote yapelekwe KBC. Aprili 2025 matangazo ya kamari yakasimamishwa kwa siku 30. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikakamilisha ununuzi wa MultiChoice, kampuni yenye chaneli za Maisha Magic ambazo zimelisha waigizaji wengi wa Kenya, na kila seti ikaanza kusoma ishara za mwenye nyumba mpya.

Ukame huu si wetu peke yetu. Marekani, Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937, ilizimwa mwaka 2009. Uingereza, Hollyoaks ilipunguzwa kutoka vipindi vitano kwa wiki hadi vitatu mwaka 2024. Kenya nayo ina kanuni za utangazaji za 2009 zinazodai asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini. Kanuni hizo hupima saa, hazipimi shilingi. Stesheni yenye fedha nusu inaweza kutimiza saa zote: familia ya bwanyenye inahamishiwa sebule moja, harusi inafanyika nje ya kamera, na mgonjwa mahututi anaripotiwa kwa simu.

3. Uainishaji

Ngeli ya A-WA. Haya ni malipo yenye uhai: mshahara wa mwezi, wenye mkataba, bima na likizo. Hula, hukua, na mwenyewe hata akiugua bado hulipwa. Spishi hii iko hatarini. Huonekana kwa nadra, hasa kwa wahusika wakuu wawili watatu wa tamthilia inayorushwa kila siku ya kazi. Majaribio ya kumnenepesha mnyama huyu yana hatari zake: Agosti 2014 waigizaji 16 wa Generations ya Afrika Kusini waligoma wakidai malipo bora, wakafutwa kazi wote.

Ngeli ya I-ZI. Nomino za ngeli hii mara nyingi hazibadiliki umbo ziingiapo wingi: nyumba moja, nyumba kumi. Ndiyo maana maprodyuza wanaipenda. Mwigizaji hulipwa kwa siku ya seti. Bajeti ikibanwa, siku hiyo moja hubebeshwa mandhari za sehemu mbili tatu, na kinachobadilika ni shati tu, tena linabadilishiwa chooni. Kazi imeingia wingi, malipo yamebaki yale yale, na hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa.

Ngeli ya LI-YA. Hapa limo deni. Mwigizaji anamdai prodyuza, prodyuza anaidai stesheni, stesheni inalidai shirika la matangazo, shirika linamdai mteja, na mteja akiwa ni serikali, wote mnaweza kwenda nyumbani. Sifa kuu ya ngeli hii ni kwamba wingi wake huja wenyewe: deni, madeni.

Ngeli ya YA-YA. Nomino zake hazina umoja, kwa hivyo huwezi kuzihesabu wala kuzitolea risiti. Ukiuliza malipo utaambiwa: maji yapo, mafuta ya gari yapo, mapochopocho yapo. Wataalamu wa Nairobi huita hali hii "nauli na lanchi".

Ngeli ya U-U. Umaarufu. Hauna wingi, haugawiki, na mwenye duka la jumla haukubali. "Utaonekana," prodyuza humwambia chipukizi, na kweli anaonekana, hasa na mwenye nyumba anayemdai kodi. Hata hivyo msomaji asiidharau ngeli hii, kwa maana ndiyo mbegu ya ngeli ya mwisho.

Ngeli ya KI-VI. Ni ya vitu vilivyofanywa vidogo. Safu yake kutoka juu kwenda chini ni kiinua mgongo, kifuta jasho na kifuta machozi. Cha kwanza kinatajwa na wazee wa fani lakini hatukukipata porini. Cha tatu kinatolewa na wananchi: mwaka 2021 Joseph Kinuthia, aliyependwa kama Omosh wa Tahidi High, alipoeleza hadharani alivyoishiwa baada ya kukosa kazi, Wakenya walimchangia. Watazamaji walilipa walichokwisha kukitazama bure.

Ngeli ya PA-KU-MU. Hii ndiyo ngeli ya mahali, na ndiyo inayotawala Migori na Homa Bay. Thamani yake haitokani na kazi iliyofanywa bali na pahali sura inapopelekwa. Ina matawi matatu.

PA, mahali dhahiri: shuleni. Vikundi vya waigizaji huzunguka kuigiza vitabu vya kutahiniwa, Bembea ya Maisha asubuhi Rongo, Fathers of Nations alasiri Oyugis. Wanafunzi hutoa kiingilio kidogo, mwalimu huhesabu, kikundi hugawana ndani ya matatu. Kikundi chenye sura moja iliyowahi kuonekana runingani hupata shule nyingi kuliko chenye waigizaji watano hodari wasiojulikana. Ila tawi hili nalo lina mwisho wa kalenda: kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027.

KU, mahali pasipo dhahiri: mikutanoni. Mashirika yalikuwa yakikodi maigizo ya sokoni kuhusu VVU, kwa kuwa kaunti hizi mbili zimekuwa miongoni mwa zenye maambukizi ya juu zaidi nchini. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, posho nyingi zilikauka. Imebaki siasa, ambako malipo hutajwa jukwaani na kutafutwa baadaye kwa simu isiyoshikwa. Felix Odiwuor, yule Jalang'o wa Papa Shirandula, alipata tiba ya kudumu: aligombea mwenyewe, akachaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022. Tiba hiyo haiwezi kuandikiwa kila mgonjwa.

MU, mahali pa ndani: ndani ya simu na ndani ya hema. Ndani ya simu mwigizaji hujirekodi, hujihariri na hujilipa kadiri YouTube itakavyopenda. Mamlaka ya ushuru, isiyosumbuliwa na upatanisho wa ngeli, hukata asilimia 5 ya mapato ya maudhui ya mtandaoni tangu Julai 2023. Ndani ya hema ndiko tulikokusanya ushahidi bora zaidi.

Kielelezo ni matanga ya Nyatike, karibu na Sori. Jenereta inanguruma nyuma ya jiko, bendi ya ohangla imekaa upande wa majani ya migomba, na daktari wetu wa runinga ndiye MC. Mgeni mmoja anatoa noti ili muziki usimame ajisifu, kama desturi ya pakruok inavyotaka. MC anapokea noti, anamtaja kwa sifa zake na za ng'ombe wake, bendi inaendelea. Kila noti ina fungu lake. Kati ya noti mbili bibi mmoja mwenye fimbo anamshika mkono.

"Kijana wangu, mbona ulimwacha yule msichana na mimba?"

"Si mimi, mama. Mswada ndio ulisema hivyo."

"Basi huyo Mswada mwambie ni mtu mbaya."

Daktari ameahidi kumwambia. Kufikia alfajiri amepata riziki inayomwezesha kurudi Nairobi kungoja ile ya ngeli ya LI-YA.

4. Mjadala

Kanuni ya kwanza inajitokeza: malipo ya mwigizaji hayafi, huhama ngeli. Kanuni ya pili ni nzito zaidi. Stesheni hulipa umaarufu, na Migori na Homa Bay huubadilisha kuwa shilingi. Kwa maneno mengine, mzazi wa Rongo na mfiwa wa Nyatike ndio wanaokamilisha mshahara ambao studio ya Nairobi ilishindwa kuutoa. Wao ni wafadhili wa tamthilia za taifa, na jina lao halijawahi kupita mwishoni mwa kipindi. Kanuni ya tatu: umaarufu una tarehe ya kuisha. Stesheni zikizidi kununua tamthilia za kigeni, ambazo gharama zake zilikwisha kurudi nchini kwao, sura mpya hazitatengenezwa, na baada ya misimu michache MC wa matanga atakuwa mjomba yeyote mwenye sauti kubwa.

Nadharia hii ina mtangulizi wa huku huku. Nyandiwa, Gwassi, wenyeji wanasimulia habari za Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini aliyemvua bibi kizee wavuni, akatajirika kwa baraka zake, kisha akalewa akamtukana. Bibi alirudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Stesheni zilitajirika kwa tamthilia za nyumbani, zikaanza kuzilipa kwa maji na mafuta, na leo zinashangaa watazamaji na matangazo vinaelekea wapi. Vinaelekea simuni, alikokimbilia mwigizaji.

5. Mapendekezo

Mdhibiti wa utangazaji aongeze swali moja katika fomu yake: hiyo asilimia 40 mmeilipia shilingi ngapi? Chama cha waigizaji kitengeneze mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja siku, sehemu, na tarehe ya kulipwa, ili wingi wa kazi uwe na wingi wa malipo. Nawe msomaji wa Awendo, Mbita au Kendu Bay, ukimwita mwigizaji kwenye shughuli yako, mtumie nusu kabla hajapanda gari na nusu kabla hajashika maikrofoni. Umaarufu anao tayari.