Pimbi Aenda Mwenyewe

Hadithi ya Pimbi na mkia mmeisikia kwa bibi zenu, tena mmeisikia upande mmoja. Wanasema siku mikia ilipogawiwa kulikuwa na manyunyu, Pimbi akaona uvivu kutoka pangoni, akamwomba jirani amchukulie wake. Jirani akachukua yote miwili, wake na wa mwenziwe, na habari ikaishia hapo. Tangu siku hiyo Pimbi ni mfano wa mvivu kila penye mwamba, na Mwanza nzima ni mwamba. Bibi hawakusema kwamba mwili wa Pimbi haushiki joto vizuri. Akilowa asubuhi, hata miguu haimtii mpaka ajianike juani kama dagaa. Hilo lingeharibu utamu wa hadithi, likaachwa.

Sasa sikilizeni ya juzi.

Mwezi wa tatu ulikuwa ndio unaingia. Kila alfajiri mawingu yalitoka ziwani yakaja kulalia vilima vya Mabatini, na wadudu wa ziwani wakaja nayo, wadogo wadogo, wa kuingia puani na kwenye uji. Ndani ya ufa wa mwamba Mama Masanja alikuwa akiwapungia watoto kwa jani la mpapai.

"Wenzetu wana mikia," alisema, bila kumtazama mtu.

Jioni ileile Kunguru akapita na tangazo. Kunguru ndiye gari la matangazo, ndiye gazeti, na ana shughuli nyingine pia, mtaziona. Ofisi imefungua stoo, imekuta mikia iliyosahaulika. Kila asiye na mkia afike mwenyewe kabla mwezi haujaisha, na barua ya mjumbe na picha mbili.

"Safari hii sitaki maneno ya watu," alisema Pimbi. "Naenda kwa miguu yangu."

"Nenda, Baba Masanja. Ila uondoke na mwavuli."

Hawakuwa na mwavuli. Mama Masanja akamkatia jani la mgomba.

Mjumbe wa mawe yale ni Kenge, na Kenge hafungui ofisi kwa saa, hufungua kwa jua. Bila jua damu yake haitembei, na mjumbe ambaye damu haitembei hawezi kuinua mhuri. Pimbi alimkuta kajibanza chini ya jiwe, jicho moja wazi.

"Shikamoo, mjumbe."

"Marahaba. Jua limetoka?"

"Bado, mzee."

"Basi na mimi bado."

Wakakaa. Anayetaka kujua ofisi za chini kabisa zinavyokwenda akajifunzie hapo: mwenye shida na mwenye mhuri wanasubiri wingu lilelile liondoke, na wala hakuna anayemchukia mwenzake. Waliongea habari za vuli iliyopita, bei ya michembe, na binti wa Kenge aliyeolewa Igoma ambaye siku hizi hapigi hata simu. Kwenye saa tano jua likachungulia. Wote wawili wakapanda juu ya jiwe, wakajilaza ubavu kwa ubavu, macho wamefumba, mpaka viungo vikalainika. Kenge akatoa mhuri. Wino umekauka. Akautemea mate, akaukandamiza kwa uzito wake wote, na kwenye karatasi pakabaki duara na vivuli vya herufi mbili.

"Itasomeka, mjumbe?"

"Anayetaka kuisoma ataisoma. Mchango wa mtaa elfu mbili."

Pimbi alitoa. Kitabu cha risiti kilikuwa kimeisha tangu Januari. "Wabeja, mjumbe," akasema, akashuka.

Kule chini Mto Mirongo ulikuwa umejaa. Umebeba chupa za maji, malapa na godoro zima, umekata njia. Sungura wa bodaboda alimsikiliza Pimbi akitaja nauli aliyoizoea, akatikisa kichwa. "Hiyo bei ya jua, mzee." Pimbi akapanda.

Makoroboi, Tumbili ana mashine ya fotokopi na kitambaa cha bluu cha kupigia picha. Alimkalisha mteja wake kwenye stuli, akamgeuza huku, akamgeuza kule, kisha akamwonyesha masharti yaliyobandikwa ukutani: mwombaji apigwe upande wa nyuma, mkia uonekane wote, usikatwe na ukingo wa picha.

"Mwanangu, huo mkia ndio ninaoufuata."

"Najua, babu. Lakini picha zisizo na mkia zinarudishwa. Nikukodishe wangu?"

Hivyo Pimbi akapigwa picha na mkia wa Tumbili, mwenyewe akiwa nyuma ya kitambaa anaushikilia. Aliyetazama kwa makini aliona vidole viwili.

Ofisi yenyewe iko chini ya Jiwe la Bismarck, pale maji yanapolamba mwamba. Jiwe lile limepewa jina la chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kulikanyaga, wala kuliona ziwa lenyewe kwa macho. Alituma watu. Jiwe zima likawa lake, na sijasikia bibi hata mmoja akimtungia hadithi ya uvivu. Lakini tumwache, tuko kwenye foleni.

Mbele kabisa alikuwa Kobe, aliyefika wakati wa vuli akaamua kutoondoka. Nyuma yake wazee watatu wa ukoo wa Furu, vichwa nje ya maji, wakifuatilia vyeti vya vifo. Ukoo wao ulikuwa wa mamia ya aina, kila ghuba na furu wake. Kisha miaka ya 1950 akaletwa Sangara ziwani, mgeni, hata mtu wa kumpokea hana; ilipofika miaka ya 1980 ameshameza sehemu kubwa ya wenyeji. Leo Sangara ndiye mkurugenzi. Wale wazee kila wakifika dirishani huambiwa marehemu aje mwenyewe na kitambulisho chake. Na kumwona mkurugenzi haiwezekani, yuko kikaoni. Minofu yake iko Ulaya, mabondo yake yako China, na waliowahi kuchungulia ofisini kwake wanasema juu ya kiti kuna mapanki tu.

Katikati ya foleni alipita Fisimaji na sinia la karanga. Alikuwa akiuza kwenye kivuko, Kigongo kwenda Busisi, ambako watu walikaa saa nzima na zaidi kungoja zamu, na mtu anayengoja hutafuna. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kama kilomita 3 juu ya maji, sasa watu wanavuka kwa dakika chache na karanga hawazitazami. Akahamia huku. Pimbi alipomuuliza kama biashara ipo, alijibu kwa utulivu wa mtu aliyepata ajira ya kudumu: "Hapa hawawezi kujenga daraja."

Dirishani alikaa Korongo. Mrefu, upara, koti jeusi mpaka magotini, kile kifuko cha shingoni kikining'inia. Alisema neno moja tu, "Mtandao," na foleni nzima ikaguna kwa kuelewa. Hakudanganya. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeupiga mtandao wa Buibui kwenye kona ya dirisha, na Buibui alikuwa akiufuma upya uzi kwa uzi, fundi mmoja kwa ofisi nzima, tena wa mkataba wa miezi mitatu.

Ilipofika saa saba, Korongo alichomoa unyoya mmoja mweusi, akauweka juu ya kiti kuonyesha kwamba yupo, akaruka zake.

Pimbi alimwomba Kobe amshikie nafasi, akamfuata kwa miguu hadi Mwaloni, Kirumba. Usiku uliopita haukuwa na mwezi, na usiku wa giza ndio wa dagaa. Mitumbwi ya taa ilikuwa imeshusha mzigo, dagaa wametandazwa mchangani kuanikwa, na sasa wingu lilikuwa likija kutoka upande wa Ukerewe. Akina mama walikuwa wakikimbizana nalo. Mmoja, magoti chini, alikuwa akizoa kwa mikono miwili, anatikisa kidogo mchanga upite katikati ya vidole, anatia kwenye ndoo, hatazami juu hata mara moja. Dagaa aliyelowa bei yake huanguka ikawa ya chakula cha kuku. Matone yalipoanza alikuwa amebakiza eneo la mkeka mmoja hivi. Akavuta turubai juu ya waliobaki, akakalia pembe yake upepo usilibebe, akatoa simu kifuani akaanza kumdai mtu hela yake.

Korongo alikuwa amesimama juu ya mapanki, katikati ya wenziwe wenye koti lilelile.

"Samahani, bosi. Mimi ni yule wa pale dirishani."

"Dirishani ni dirishani," alisema Korongo, mdomo umejaa. "Hapa niko kwenye mambo yangu."

Pimbi akarudi, mvua ikamrudisha. Jani la mgomba lilikuwa limechanika vipande, limebaki uti. Karibu na foleni Kunguru akatua pembeni yake.

"Mzee wangu, mbona unajitesa? Nipe ya maji tu, kesho saa nne una mkia."

Pimbi hakuwa na ya maji. Ya maji ilikwenda na Sungura. Nguchiro aliyekuwa nyuma yake alikuwa nayo. Alipitishwa mlango wa pembeni, akatoka na mkia wa pili, anaukung'uta vumbi, uso umemkunjamana kidogo kwa sababu rangi haikulingana na ule wa kwanza.

Saa tisa na nusu Korongo akaondoa unyoya, akaketi. Mtandao umerudi, ila uko taratibu. Alilala usingizi wa kukaa huku akipokea karatasi, na Pimbi alipofika mbele akashtuka, akaigeuza ile barua ya mjumbe juu chini, akaiweka kando. Akaichukua picha.

"Mkia huu mbona una vidole?"

"Baridi, bosi."

Korongo aliikubali. Baridi ilikuwepo. Kisha akainama mpaka kile kifuko kikagusa meza, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani mzee wewe hapa mjini unamjua nani?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Pimbi alikuwa na jibu. "Tembo," alisema. "Ni ndugu yangu."

Foleni ikaangua kicheko. Kobe akaingiza kichwa kwenye gamba ili acheke kwa heshima. Fisimaji alimwaga karanga. Na Pimbi alikuwa anasema kweli: wataalamu wa wanyama wakihesabu jamaa wa karibu wa Tembo walio hai, hawampati Kiboko wala Kifaru, wanampata Pimbi huyuhuyu, pamoja na Nguva wa baharini. Pimbi akainua mguu dirishani. "Tazameni kucha, si za mnyama mdogo hizi. Tazameni haya meno mawili ya juu, yangekuwa marefu mngeyaitaje?"

"Pembe," alisema Furu mmoja, ambaye hakuwa amecheka.

"Kama ni ndugu yako," Korongo akasema, "lete barua yake. Serengeti si mbali. Shukia lango la Ndabaka, ulizia."

Hata hivyo aliendelea kusoma fomu, labda kwa kuogopa kidogo, mtu hujui. Alifika ukurasa wa mwisho, akaweka kidole.

"Hapa kuna tatizo. Asiye na mkia haruhusiwi kusaini fomu ya mkia. Anatuma mwenye mkia amsainie na kumchukulia."

"Lakini tangazo lilisema nije mwenyewe."

"Umekuja, tumekuona. Sasa tuma mtu."

Pimbi aligeuka kutazama foleni. Nguchiro alikuwa tayari kusaini, ila macho yake yalikuwa stoo. Furu walikuwa na mikia, lakini hawawezi kupanda ngazi. Akabaki Kobe, ambaye mkia wake ni mfupi, wa kuutafuta, lakini upo kisheria.

"Mimi sibanduki hapa, mjukuu wangu," alisema Kobe. "Zamu yangu ikiitwa, nitachukua na wako." Wakaandikiana karatasi. Tumbili akatoza ya fotokopi.

Pimbi alipanda Mabatini kwa miguu, mvua ikimpiga kisogoni. Alipofika nyumbani magharibi, miguu haina hisia na meno yanagongana, watu wa mawe yote walikuwa nje. Kunguru alikuwa kwenye mwembe wa juu kabisa, anatangaza.

"Habari zilizotufikia! Pimbi, kama ilivyo kawaida yake, ameona mvua, ametuma Kobe amchukulie mkia!"

Watoto wa majirani waliipokea kwa makofi. Wanaijua, wamelala nayo tangu wachanga. Mama Masanja alitoka ufani, akamvika mumewe kanga yake mabegani, akamsukuma mbele kidogo. "Kamwambie."

"Kunguru," alisema Pimbi, akitetemeka. "Nilikuwa pale kutwa. Uliniona kwa macho yako, ukaongea na mimi."

"Nilikuona, mzee wangu, siwezi kukataa." Kunguru alishuka tawi moja, akapunguza sauti. "Na kusahihisha tangazo kunawezekana, wala si ghali. Ila uje na barua ya mjumbe."