Namna ya Kutalii kwa Baiskeli Makongolosi Bila Kuanzisha Rashi ya Dhahabu

Umechoka na foleni za Dar es Salaam, umenunua baiskeli ya milimani yenye gia nyingi kuliko matumizi yake, na unatafuta safari nyepesi ya msituni. Njoo Makongolosi, wilayani Chunya. Kutoka Mbeya mjini barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 kisha inateremka kwenda Chunya, na kutoka Chunya hadi Makongolosi ni lami, kilomita 39. Njia hiyo yote panda basi, baiskeli ikae juu ya keria. Hakuna atakayekucheka. Wataanza kukucheka utakaposhuka.

Usije na picha za misitu ya Amani au Udzungwa kichwani. Huku ni miombo. Ukifika Agosti, miti imepukutisha majani, nyasi zimeungua, na kivuli ulichoahidiwa kina joto la bani la tumbaku. Huo nao ni msitu wa tropiki, tena halali kabisa, ila mvua yake ina likizo ya miezi mingi. Mwanzoni mwa Oktoba, kabla tone moja halijadondoka, miombo huchipua majani mekundu. Hapo piga picha zako zote. Januari kuna kijani cha kutosha, na tope la kukutenganisha na viatu vyako.

Mavazi ni jambo la kuzingatia sana. Nunua jezi ya bluu iliyokolea yenye mabega meusi, ya kubana. Ukiingia ndani kuelekea upande wa Rungwa, mbung'o watakupokea kwa heshima zote, kwa kuwa hakuna rangi wanazozipenda kama bluu na nyeusi, hasa zikiwa kwenye kitu kinachokwenda. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Tofauti yako na mtego ni kwamba mtego hauna damu. Mwenye kuona mbali huvaa kaki na kufunga nyuma ya baiskeli kopo la kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi. Lakini kopo la namna hiyo haliendani na helmeti yako.

Ukiwa kwenye njia nyembamba yenye mchanga, unasukuma, utasikia kengele nyuma yako. Jisogeze. Ni muuza mkaa, magunia mawili yamefungwa kwa mpira wa tyubu, baiskeli haina gia hata moja, na breki ya mbele ni soli ya kandambili anayoikandamiza kwenye tairi. Atakusalimu bila kuhema. Usimweleze kwamba yako imetengenezwa kwa ajili ya ardhi ngumu. Huo mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulikuzwa California miaka ya 1970 na vijana waliokuwa wakiteremka mlimani kwa baiskeli kuukuu, nzito, za gia moja, breki zikifuka moshi. Shindano lao la kwanza, lililoitwa Repack, lilikuwa mwaka 1976. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na mkaa wa kufikisha sokoni.

Sasa twende kwenye hatari yenyewe, ambayo si chui wala nyoka. Ni kuinama.

Eneo hili ni la machimbo ya Lupa. Dhahabu ndiyo iliyowaleta watu huku kwa wingi miaka ya 1920 na 1930, na mpaka leo makarasha yanasaga mawe mchana kutwa. Hapa mtu mgeni mwenye glovu, saa inayowaka, na kifaa cha ramani mkononi hawezi kuwa anatembea tu. Akisimama porini akatazama chini, ameona kitu. Akichuchumaa, ameona kitu kikubwa. Akiokota jiwe, akaligeuza, akalilamba kidogo kuondoa vumbi, basi jioni hiyo habari itakuwa imefika Chunya.

Kwa hiyo cheni ikichomoka, irudishe ukiwa umesimama wima. Pancha izibie barabarani, mbele za watu, ukitaja kila hatua kwa sauti: hii ni solusheni, hiki ni kiraka. Haja ndogo ni kwa haraka, na usirudi mahali palepale mara ya pili. Kijana akikuuliza, “Bosi, hapo vipi, pametoa?” usitabasamu. Tabasamu ni jibu. Ukisema hapana, umeficha; ukisema ndiyo, unajua mwenyewe.

Ukishakosea, utawaona wakija na sululu na machepe, mmoja akihesabu hatua kutoka kwenye mti wa mninga, mwingine akiuliza kama eneo lina leseni. Mama ntilie ataweka mafiga kabla shimo halijafika kiunoni. Panda baiskeli uondoke taratibu. Wakikuita urudi uandikwe kwenye mgawo wa mifuko ya mawe, shukuru ukiwa mbali: kwenye mgawo kuna pia zamu ya kushuka shimoni.