Namna ya Kupiga Picha Nyumba ya Watu Kyela Bila Kudhaniwa Mpima Ardhi

Anza na salamu, kamera ibaki begani. Nchi hii watu wameona nyumba zao zikichorwa X nyekundu ya kubomolewa, kwa hiyo mgeni anayeukodolea macho ukuta wa mtu, anarudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja, anaeleweka upesi: amekuja kupima. Vua kofia, sema "Mugonile", ongeza shikamoo kwa aliyekuzidi umri, kisha taja kile hasa kilichokusimamisha: matofali ya matundu juu ya dirisha, baraza iliyoinuliwa, mlango wa bluu uliopauka. "Nyumba nzuri" haitoshi. Hivyo ndivyo anavyosema dalali. Mama mwenye nyumba akiuliza, "Picha ya nini mwanangu, mbona hata lipu bado?", mjibu ukweli kwamba ndiyo maana umekuja sasa, kabla ya lipu.

Picha nyingi za zamani za nyumba za huku tumepigiwa na wapita njia. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivisifu sana vijiji vya Wanyakyusa, wenyeji wa huku, usafi wake na nyumba zake za mianzi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alipita Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, akiwa na kamera, na mwaka 1906 akatoa kitabu kikubwa kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma. Miaka ya 1930 wakaja wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson. Kwa kazi yao tunajua ukuta wa mianzi ulivyoinamia nje na vidonge vya udongo vilivyopangwa kati ya mianzi. Nawashukuru. Lakini nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga babu yako kwa pesa ya mpunga, na chumba alichoongeza baba yako kakao ilipolipa, nani atazipiga? Hizo ni zetu kuzitunza, na zinabomolewa kila kiangazi ili zijengwe kubwa zaidi. Sina ugomvi na nyumba kubwa. Ninachotaka ni ile ndogo ipigwe picha kabla nyundo haijafika.

Kwa nini kamera ya mkanda wa filamu, wakati simu iko mfukoni? Kwa sababu mkanda una picha 36 na kila moja ina bei. Utaizunguka nyumba kwanza. Utauona msingi ulivyopandishwa kukwepa mafuriko, na mstari wa maji ya mwaka fulani uliobaki ukutani. Tafuta kamera isiyotegemea umeme, mfano Zenit ya Kisovieti au Pentax K1000, iliyoanza kuuzwa 1976. Betri yake ni ya kipima mwanga tu, ikiisha unaendelea kupiga. Fungua mgongo, weka kasi kwenye B, bonyeza kitufe bila kuachia, elekeza lenzi kwenye mwanga, utazame ndani. Ukiona kama nyuzi za buibui kwenye kioo, huo ni ukungu wa unyevu, mwachie muuzaji.

Unyevu ndio adui mkubwa wa kamera Kyela, na dawa yake inalimwa hapahapa. Kaanga mchele bila mafuta hadi uwe wa kahawia, upoe, uufunge kwenye kitambaa, uuweke na kamera ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana. Ukishalainika, ukaange tena. Wapiga picha wa nchi za joto walifanya hivyo kabla yetu.

Sasa jua. Matema imeegemea milima ya Livingstone upande wa mashariki, hivyo asubuhi jua huchelewa kufika ufukweni. Usijisumbue na alfajiri, subiri mchana ugeuke. Kumbuka pia kwamba Juni jua hukaa kaskazini yetu: nyumba inayotazama kusini uso wake uko kivulini siku nzima, irudie Desemba. Kwa mkanda wa 200 kwenye jua kali, weka kitundu cha lenzi kwenye 16 na kasi kwenye 1/250. Wingu zito, fungua hadi 5.6. Ukitumia kipima mwanga, kielekeze kwenye majani au udongo, kamwe si kwenye bati jipya. Bati likimeta, kamera hudhani dunia nzima inang'aa, na nyumba inatoka nyeusi kama chungu.

Kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe kuna shida ya pekee. Tofali jekundu na jani la mgomba hutoka kijivu kilekile, nyumba ikamezwa na shamba. Ivishe lenzi kichujio cha rangi ya chungwa: tofali linang'aa, majani yanatulia nyuma, kuta zinajitokeza. Na usiinue kamera juu kutafuta paa, kuta zitalala. Rudi nyuma.

Njia ninayoipenda ni ya Kyela kwenda Matema kupitia Ipinda. Ukiweza, fika Lyulilo, jirani na Matema, Jumamosi, siku ya gulio la vyungu vya Wakisi, uone wanawake wakivishusha kutoka kwenye mitumbwi. Lakini usiishie kwenye vyungu. Tazama na vibanda vya gulio. Kwenye Bandari ya Itungi na mpaka wa Kasumulu, omba ruhusa kwanza au pita na kamera begini.

Kusafisha picha unaweza mwenyewe. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake huko Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa inaweza kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe. Mchanganyo unaotumika sana, kwa lita moja ya maji, ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, iwe ya robusta, ile ya bei nafuu. Dakika 15 kwa nyuzi joto 20. Maji ya Kyela ni ya moto kuliko hapo, kwa hiyo weka kopo kwenye beseni lenye barafu. Harufu yake ni mbaya, fanyia nje. Dawa ya kukazia picha haina mbadala mzuri wa jikoni, inunue.

Halafu chapisha, upeleke picha kwa mwenye nyumba. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu atakusahihisha. Atakuonyesha dirisha lililozibwa, atamtaja fundi, atakwambia matofali yalichomwa wapi na kwa pumba za shamba la nani. Yaandike yote nyuma ya nakala yako kwa penseli, pamoja na kijiji na mwaka, na uache nafasi: jirani naye atakuwa na la kuongeza.