Jinsi ya Kutafiti Afya ya Watu wa Kolwezi na Usigundue Kitu

Umeteuliwa kuja Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Kongo, kuchunguza kama vumbi la shaba na kobalti linawadhuru watu. Hongera. Kazi ina gari, dereva na hoteli yenye jenereta. Hatari yake ni moja tu: ukizubaa unaweza kupata jibu, na jibu likishapatikana kuna wakubwa watakaotakiwa kufanya kitu. Fuata maelekezo haya, hutawasumbua.

Anza na watu wa kulinganisha, maana hapo ndipo wenzako wengi wameharibu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, akiwemo Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Watu 179 walikuwa wanaishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyushia madini, 132 kati ya kilomita 3 na 10. Wangeishia hapo tungesameheana. Lakini walikwenda hadi kilomita 400 nje ya ukanda wa migodi wakatafuta watu wengine 40. Tofauti ikajianika yenyewe, na kobalti iliyokutwa kwa watu wa migodini ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Wewe petroli ya kilomita 400 ya nini? Walinganishe watu wa Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, na watu wa Kasulo wa ng'ambo ya barabara. Watafanana kama mapacha, nawe utaandika kwa dhamiri safi kwamba tofauti haikuonekana.

Lakini afadhali Kasulo uipite kwa mbali. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba ndani ya lupango yake, kiwanja cha nyumba, akakutana na jiwe la kobalti, na muda si mrefu mtaa mzima ukawa mashimo, mengine yakianzia ndani ya nyumba ambamo watu wanalala na kupika bukari. Banza na wenzake, ambao inaonekana hawakukoma, wakapima wakazi 72 wa hapo, 32 kati yao watoto, wakachapisha mwaka 2018. Watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara 10 ya watoto wa mahali pasipochimbwa, pamoja na dalili za madhara kwenye chembe za urithi. Kisa kizima kilitokana na kuwapima watoto. Ungepima wazee wenye vikohozi ungeweza kulaumu tumbaku.

Kama mfadhili anang'ang'ania vumbi, njoo Januari. Mvua itakuwa imelilaza barabarani, na kipimo chako cha hewa kitatoa namba za kupendeza. Sakafu za nyumba usiziguse. Mtoto anatambaa, anashika, anatia mkono mdomoni, na kwa njia hiyo anakula vumbi kwa kiasi ambacho huwezi kukieleza kwenye mkutano huku watu wanakunywa chai. Mwisho wa ripoti, washauri akina mama wawanawishe watoto mikono. Usiulize maji wanayateka wapi.

Ukitaka kupima wafanyakazi, omba kampuni ikuchagulie. Itakupa wenye mkataba wa kudumu, waliopimwa walipoajiriwa na wanaotibiwa kwenye zahanati ya kampuni. Aliyeugua alisharudishwa nyumbani. Wa kampuni ndogo zinazokodishwa kazi, mkataba wake uliisha kabla kikohozi chake hakijaisha. Waliobaki ni wazima, na uzima wao utaandikwa kuwa ushahidi kwamba mgodi hauna neno. Jambo hili lina jina lake rasmi katika elimu ya magonjwa ya kazini na linafundishwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo ukilirudia hakuna atakayesema hukusoma.

Sasa wodi ya wazazi, na hapa nakuomba utulie. Mtoto akizaliwa na kilema, muulize mama. Muulize alikula nini, alikunywa dawa gani, alilala na nani. Amezoea, mama mkwe ameshamuuliza, mchungaji ameshamuuliza, na jirani ana jibu lake la uchawi tayari. Baba usimguse. Kuna waliomgusa: katika utafiti wa Lubumbashi uliotoka mwaka 2020, watoto 138 waliozaliwa na vilema vya kuonekana walilinganishwa na 108 wasio navyo, na swali moja lilihusu kazi ya baba. Pale ambapo baba alikuwa na kazi ya madini, uwezekano wa kilema ulitoka mara 5 na nusu. Bahati nzuri, makadirio yenyewe ni mapana mno, kuanzia mara 1.2 hadi mara 25. Upana huo ni mali yako. Mtafiti mwaminifu ataona hapo sababu ya kupima watoto wengi zaidi, haraka. Wewe sema "bado haijathibitika", funga jalada.

Halafu mgawe mgonjwa. Mapafu yapeleke kwa daktari wa mapafu, moyo kwa wa moyo, figo kwa wa figo, mimba kwa wakunga, na uhakikishe hawali meza moja. Wakikutana ni balaa. Huko Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, wanywaji wakubwa wa bia walianza kufa kwa ugonjwa wa misuli ya moyo. Madaktari wakazungumza wao kwa wao, wakaishuku bia, iliyokuwa imetiwa kobalti ili povu lisishuke upesi. Kiwanda kikaacha kuitia, kikamwaga bia yake, na vifo vikakoma. Tazama ilivyokuwa rahisi, nawe uone aibu kwa niaba yao: kobalti ya kupendezesha povu iliondolewa ndani ya miezi, bila hata semina moja.

Ripoti iandike kwa Kiingereza, katika jarida la kulipia, ili Kolwezi isipate taabu ya kuisoma. Izindue Geneva. Sentensi ya mwisho iseme kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mwongozo unaoweza kukuepusha nalo. Siku ya kuondoka, mama mmoja atasimama mbele ya gari na mtoto mgongoni: "Docta, ile mikojo ya mutoto mulipeleka wapi?" Mwambie, "Mama, iko kwenye laboratwari." Akiuliza ilisema nini, mwambie ni siri ya mgonjwa. Akikujibu kwamba mgonjwa ni huyu hapa mgongoni, panda gari, mwachie kikopo kingine kisafi, na umwombe akitunze: wenzako wanakuja Julai.