Vuli Bila Mwavuli: Vituo Tisa vya Kula Mji Mkongwe, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Vitabu vya kutafsiriwa vinatwambia vuli ni wakati wa majani kugeuka rangi na kudondoka. Mwembe wa nyumbani kwetu haujasoma vitabu hivyo. Unguja, vuli ni Oktoba mpaka Disemba: mvua inaingia bila hodi, inapiga dakika ishirini, jua linatoka kama halikuona kitu, na wewe umebaki kwenye baraza ya mtu usiyemjua, umelowa na una njaa. Hapo ndipo mji unapoliwa vizuri. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa ajili ya majumba na milango. Sufuria hazikuitwa kikaoni. Leo nimeziita.

Majaji tuko wawili, mimi na tumbo langu, na tumbo ndiye mwenyekiti. Tunaangalia ladha na pa kujificha mvua. Rufaa zinapokelewa, ila uje umeshiba, maana mwenye njaa hasikii hoja.

9. Pizza ya Forodhani

Ina jina la Italia, unga wa chapati na tabia za sambusa. Fundi anausukuma unga mpaka mkono wake unakaribia kuonekana kwa upande wa pili, anatia kima, kitunguu, yai, mayonezi na jibini, anaukunja kama bahasha, kisha anaulaza kwenye chuma. Wapo wanaoagiza ya ndizi na chokoleti na usiku wanapata usingizi. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, ikapendeza kweli, lakini mawingu hayakuwemo kwenye mkataba. Nimewahi kuagiza pizza nikamaliza supu.

Hukumu: tamu, lakini ni chakula cha kaskazi. Haya, anzeni kunitukana.

8. Mgahawa wa ghorofani wenye mandhari

Jina silitaji. Wali wa nazi umefinyangwa kwa kikombe kama watoto wanavyofinyanga mchanga, juu umechomekwa jani moja. Sahani ni pana kama ungo, chakula kimekaa pembeni kama mtu asiye na hakika kuwa alialikwa harusini.

Hukumu: bahari inaonekana vizuri. Samaki ndiye haonekani.

7. Boflo

Wa bara mnaita mkate, sawa, hatugombani. Boflo la alfajiri linalia ukilivunja. Boflo la jioni ya vuli limeshakunywa unyevu wote wa mtaa. Ukifiwa, unaweza kujifutia machozi.

Hukumu: wahi kabla ya saa moja asubuhi.

6. Doriani la Darajani

Soko la Darajani lipo tangu 1904 na limeona mengi, lakini vuli ikikolea na madoriani yakashushwa, hata paka wa kwenye samaki wanahama upande. Harufu yake ni ya kitunguu kilichofunga ndoa na kastadi bila ridhaa ya wazee. Ladha yake, nayo, ni ya kastadi iliyokwishasamehewa. Mwaka mmoja nilipanda nalo daladala, nimelificha kwenye kikapu chini ya mchicha. Mvua inanyesha, abiria wakatazamana, wakafungua madirisha yote. Walichagua kulowa.

Pembeni yake kuna shokishoki, tunda lililoamka bila kuchana nywele: tamu, lina adabu, halimsumbui mtu. Ndiyo maana halina namba yake. Orodha hii haiwapi nafasi wapole.

5. Kahawa ya Jaws Corner

Kona imebeba jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, ingawa kilicho hatari zaidi pale ni mzee mwenye maoni kuhusu mpira. Kuna simu ya zamani imetundikwa, inatangaza kuwa unapiga nchi za nje bure. Haijaunganishwa popote, na bado habari zinatoka pale na kufika Chake Chake kabla ya boti. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo hata chiriku haogi ndani yake, na kashata ndiyo inayokupatanisha na maisha. Mvua ikipiga, wote mnabanana barazani, na mbishi wako ghafla anakuwa jirani wa bega kwa bega. Ubishi haukomi, unashuka sauti tu.

Hukumu: hapa hulipi kahawa, unalipa kiingilio.

4. Halua

Wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga, zafarani, na mwanamume mmoja anayekoroga kwa saa kadhaa bila kuruhusiwa kukaa. Nilipewa mwiko nijaribu. Dakika ya nne nilikumbuka kuwa nina miadi. Ndugu zetu wa Maskati wanasema halua ni yao, Wapemba wanasema ya kwao ndiyo iliyoiva sawasawa, na sisi wa Unguja tunakula ya wote wawili huku tukitikisa kichwa kama mahakimu.

Hukumu: Pemba, kwa unywele mmoja. Jamaa zangu wa Maskati, msinifungie mlango.

3. Lukmaan, Mkunazini

Karibu na mbuyu, na hilo tu lingetosha kwa alama za kujificha mvua. Unasimama mbele ya sufuria na masinia, unanyoosha kidole: pilau, biriani, pweza wa nazi, maharage. Hakuna mashairi kwenye menyu, kitu unakiona kabla hujakiamini. Mtalii wa mbele yangu alionyesha kila kitu, nikamcheka kimoyomoyo. Nilipofika mimi nikaonyesha kila kitu.

Hukumu: vaa suruali ya kamba.

2. Urojo

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe. Bara wanauita Zanzibar miksi, kama vile ni kanda ya muziki. Mombasa wanasema na wao wanao. Nimeonja, ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Mzizi wa fitina ni uchachu wake. Kuna madhehebu ya ukwaju, kuna ya ndimu, na kuna sisi wa embe bichi, ambao vuli ndiyo inatupa ushindi, maana maembe machanga yamejaa na upepo unayaangusha bure.

Mpishi wangu anauzia kwenye baraza ya nyumba yake, sufuria moja, bakuli kumi, ndoo mbili za maji. Anapanga viazi, kachori, bajia, vipande viwili vya mishkaki, nusu yai. Anamwaga rojo la manjano linalofuka moshi. Juu yake chatne ya nazi, pilipili, kisha konzi ya chipsi za muhogo zinazotakiwa kuliwa kabla hazijakata tamaa. Nje mvua, ndani ya bakuli mvua. Unakula umeinama, hakuna anayezungumza, na shati jeupe halirudi tena jeupe.

Hukumu: ungekuwa wa kwanza, lakini umeshindwa na kitu kimoja.

1. Darasa la mkate wa ufuta

Si lile darasa la aproni na cheti. Ni ua wa bibi mmoja, majiko mawili ya mkaa chini ya bati, na sauti ya mvua juu yake. Unga wa ngano, hamira, tui zito, yai, chumvi. Haukandwi, unapigwa: mkono unazama kwenye beseni, unaunyanyua unga, unaubamiza, tena na tena, mpaka uvutike bila kukatika. Kisha unafunikwa. Siku ya mvua hamira ni mvivu, kwa hiyo tulikunywa chai mbili na kuwasema majirani watatu.

Ujuzi wote uko kwenye kikaango. Hakipakwi mafuta, kinapakwa maji ya chumvi, ili mkate ushike. Unautandaza kwa mkono wenye maji, unanyunyiza ufuta, unasubiri chini ushike, kisha unakipindua kikaango chote, uso wa mkate uangalie makaa. Mkate unaning'inia kama popo na kuiva huku unaning'inia. Pizza ya Forodhani ijaribu hilo.

Mimi, niliyetazama video usiku kucha, nilitia mafuta kidogo bibi alipogeuka. Nikapindua. Mkate ukaondoka kwenye kikaango kwa heshima zote, ukalala kwenye makaa.

"Nani kakwambia utie mafuta, mjukuu wangu?"

"Hakuna, bibi."

"Basi huyo hakuna ndiye atakayeula."

Akauopoa kwa koleo, akaupuliza majivu, akaupaka samli, akaniwekea mbele yangu na kikombe cha chai ya tatu. Nikaula wote. Ufuta ulikuwa mzuri.